Bustani Yetu: Panda kwa hesabu ya miaka utakayokaa



Kiangazi kinaelekea mwisho. Kila mama aliyekwenda sokoni mwezi wa saba na wa nane ameona mambo yalivyo: fungu la lengalenga limekuwa dogo na bei yake imepanda. Siku nyingine bugali inaliwa na chumvi na pilipili tu, na watoto ndio wanaoumia kwanza, kwa sababu mboga za majani mabichi ndizo zinazowapa damu na nguvu ya macho. Mvua ikirudi katikati ya mwezi wa tisa, tutakimbilia tena mbegu, tutapanda tena, na kiangazi kingine kitatukuta palepale.

Ndiyo maana juma hili tunaongea juu ya mimea inayodumu. Lengalenga, maharagi na mahindi hupandwa, huvunwa, na kazi inaanza upya. Mmea unaodumu unaupanda mara moja, unakata, unachuma, nao unachipuka tena mwaka hadi mwaka. Mizizi yake imeshuka chini, kwa hiyo jua la mwezi wa saba haliuui haraka. Kwa mama ambaye hana pesa ya mbegu kila msimu wala nguvu ya kubeba bidoni za maji jioni, mimea ya namna hiyo ni msaada mkubwa.

Lakini kuna swali ambalo vitabu vingi vya kilimo haviulizi, na kwetu Kivu ndilo la kwanza: mahali unapotaka kupanda, una uhakika wa kukaa miaka mingapi? Mgomba unataka mwaka mmoja na nusu hivi kabla haujakupa mkungu wa kwanza. Avoka ya mbegu inataka miaka mitano au zaidi. Ukipanda mahali ambapo utaondolewa mwakani, umemlimia mtu mwingine. Basi tuchague mimea kwa hesabu hiyo.

KWANZA, ARDHI NI YA NANI?

Wengi wetu tunaijua desturi ya Bushi. Kuna ardhi ya kalinzi, ambayo familia iliipata kwa mwami au kwa mkubwa wa ardhi kwa kutoa haki yake, na inarithiwa na watoto. Na kuna bwasa, yaani shamba unalokodi kwa msimu au kwa mwaka, kwa pesa, kwa sehemu ya mavuno, au kwa siku za kazi. Wamama wengi wanalima katika bwasa. Na katika bwasa kuna katazo ambalo kila mtu analijua: usipande mgomba, usipande kahawa, usipande mti. Mwenye ardhi anaogopa, kwa sababu kwetu mmea unaokaa ni alama ya mtu anayekaa. Leo umepanda migomba, kesho unaweza kusema shamba ni lako.

Tusimlaumu kila mwenye ardhi kwa hofu hiyo, lakini tusinyamaze pia. Ukitaka kupanda kitu cha miaka miwili au mitatu kwenye shamba la bwasa, zungumza naye kabla hujachimba shimo, kisha muandike karatasi. Isiwe ndefu. Iseme majina yenu, shamba liko wapi na linaishia wapi, ni kwa miaka mingapi, mimea gani umeruhusiwa kupanda, na mambo mawili yanayoleta ugomvi zaidi: nani anachukua miche siku ya kuondoka, na mwenye ardhi atalipa nini akilitaka shamba kabla ya wakati. Iandikeni mara mbili, kila mmoja abaki na yake. Watie mkono mashahidi wawili, mmoja wa upande wake na mmoja wa upande wako, na mkubwa wa avenue au wa kijiji akiwepo ni vizuri zaidi.

Mama aliyeolewa asiambiwe kwamba hawezi kutia mkono bila ruhusa ya bwana. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016, iliyorekebisha Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, iliondoa ile ruhusa ya mume. Sasa inataka mume na mke wasikilizane katika mambo yanayomfunga mmoja wao au wote wawili. Kwa hiyo ongea na bwana nyumbani, msikilizane, kisha jina lako liandikwe kwenye karatasi. Wewe ndiye unayelima.

Haya, sasa tuje kwenye mimea yenyewe.

UKIWA NA UHAKIKA WA MWAKA MMOJA TU

Hapa tunapanda vitu vinavyotoa haraka na vinavyoweza kuhama pamoja nawe. Mama anayepanga nyumba mjini, mama aliyekimbia vita na anakaa kwa ndugu, mama wa bwasa ya msimu, hii ndiyo sehemu yenu.

Sitronele, au mchaichai. Majani ya chai haya hayaogopi jua na hayataki kazi. Unaomba kichaka kidogo chenye mizizi kwa jirani, unakata majani yabaki kama kiganja kimoja, unapanda. Yanakubali hata ndani ya bidoni ya litre 20 iliyokatwa juu na kutobolewa chini ili maji yatoke. Siku ya kuhama unabeba bidoni yako. Kila baada ya miaka miwili au mitatu kichaka kinajibana na katikati kinakauka. Kichimbue, kitenganishe, panda upya vipande vya pembeni na utupe vya katikati.

Matembele. Kwetu ni mboga inayojulikana, na watu wengi wanaipanda kwa ajili ya viazi, lakini kamba zake zikitunzwa hazifi. Kata vipande vya urefu wa sentimita 30 hivi kutoka kwenye ncha ya kamba yenye afya, laza nusu yake ndani ya udongo, na majuma machache baadaye unachuma. Siri yake ni hii: kabla ya kiangazi, panda kitanda kidogo karibu na mahali unapooshea vyombo. Kitanda hicho kitakulisha mwezi wa saba, na mwezi wa tisa kitakupa kamba za kupanda shamba zima wakati wengine wanazitafuta kwa pesa.

Nderema, ambayo wengine wanaiita nderama. Inapanda juu ya ua au juu ya kamba, majani yake ni mazito na yanateleza kidogo mdomoni, mengine yana mashina mekundu na mengine ya kijani. Inataka kivuli kidogo na udongo wenye mbolea. Ukiikata ncha inatoa matawi mengi zaidi. Inaota kwa mbegu na kwa vipande vya shina. Ni mboga nzuri kwa mama asiye na nafasi, kwa sababu inakwenda juu badala ya kwenda pembeni. Gunia moja lililojaa udongo na mbolea iliyooza linatosha kulisha ua mzima wa nderema.

Pilipili. Wengi wanaing'oa baada ya msimu mmoja, na sivyo inavyotakiwa. Ile pilipili ndogo kali inaweza kuishi miaka kadhaa. Baada ya mavuno makubwa, kata matawi yaliyochoka, weka mbolea chini, itachipuka.

UKIWA NA MIAKA MIWILI HADI MITANO

Hapa ni kwa mwenye karatasi ya bwasa ya miaka, au anayekaa kwenye parsele ya familia bila wasiwasi mkubwa.

Sombe. Mihogo ni migumu kuliko mboga zote katika kiangazi. Kwa majani ya kula, mihogo michache ya nyuma ya nyumba inatosha. Lakini chagua miti ya kupanda kwa macho makali: ukiona mmea ambao majani yake yamejikunja na yana madoa ya njano na kijani, usikate mti wake hata kama unapewa bure, kwa sababu ugonjwa uko ndani ya mti na utahamia kwako. Usichume majani yote ya mmea mmoja siku moja, mzizi utabaki mdogo. Na sombe itwangwe vizuri na ichemke muda mrefu kama mama zetu walivyotufundisha, kwa sababu mbichi ina sumu.

Mateke. Haya yanapenda maji. Mahali pale ambapo maji ya kuogea yanapita na kufanya tope, ndipo mahali pa mateke. Ukivuna kichwa kikubwa, rudisha vile vidogo vya pembeni ardhini, hutanunua tena. Yapikwe yaive kabisa, yasipoiva yanawasha koo.

Marakuja. Inatoa matunda katika mwaka wa kwanza au wa pili, na inaishi miaka mitatu hadi mitano kabla ya kuchoka. Inataka mahali pa kupandia: ua wenye nguvu, au nguzo mbili na waya. Matunda hutokea kwenye matawi mapya, kwa hiyo baada ya mavuno kata matawi ya zamani yaliyokauka. Ikifika mwaka wa tatu, panda mche mwingine mahali pengine ili wa kwanza ukichoka wa pili uwe tayari.

Pruni za Japani, ambazo wengine wanaziita binyomoro. Zinapenda baridi yetu ya milimani na mchuzi wake watoto wanaupenda. Mti unazaa baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili. Ukifika urefu wa mita moja hivi, kata ncha ili utoe matawi, kwa sababu ukiachwa unakwenda juu kama fimbo na upepo unauvunja. Mizizi yake iko juujuu: usilime kwa jembe karibu na shina, ng'oa magugu kwa mkono. Upande pale ambapo nyumba au ua unakinga upepo.

Ninyi wa Uvira na bonde la Ruzizi, msijisumbue na pruni. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi juu ya bahari, na Bukavu iko karibu na mita 1,500. Joto la kwenu si la kwetu. Kwenu pandeni mlonge, papai na pilipili, vinavumilia jua.

UKIWA NA ARDHI YA MAISHA

Mgomba. Bushi bila mgomba si Bushi. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, tenga udongo wa juu na wa chini, changanya ule wa juu na mbolea iliyooza, acha mita tatu kati ya mgomba na mgomba. Kisha usiache kichaka kijae watoto. Chagua mama, binti na mjukuu: mmoja wenye mkungu, mmoja unaokua, mmoja unaochipuka. Wengine wakatwe mapema. Ukiacha kumi, wote wanakula sahani moja na mikungu yote inakuwa midogo. Majani makavu na mashina yaliyovunwa yakatwe na kulazwa chini, yarudishe nguvu ardhini.

Avoka. Mche uliounganishwa unazaa baada ya miaka mitatu au minne, wa mbegu unachelewa. Upande mbali na nyumba, kwa sababu mti unakuwa mkubwa, na mbali na mahali maji yanapotuama, kwa sababu mizizi yake huoza upesi. Chini yake mboga hazitaota vizuri, basi uweke pembeni ya parsele.

Mubirizi. Mti huu mchungu unafanya ua mzuri: unachomeka vipande vya matawi mwanzo wa mvua, vinashika, unaukata unavyotaka na unachipuka. Wengi wanautumia kama dawa. Hatukatazi desturi, lakini tunasema wazi: mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, na mama mwenye mimba asinywe maji ya mubirizi.

Majani ya kushika udongo. Haya hayaliwi na watu lakini bila hayo bustani ya mlimani haidumu. Mnaona jinsi mvua ya Bukavu inavyoteremsha udongo mwekundu hadi barabarani. Panda mstari wa mabingobingo au setaria ukikata mteremko kwa upande, si kwa kufuata njia ya maji. Mstari huo unazuia udongo, na baada ya miaka michache pale juu yake panakuwa kama ngazi. Ukiyakata, unalisha sungura na kobayi, nao wanakurudishia mbolea. Usipande mabingobingo karibu sana na mboga kwa sababu mizizi yake inakula chakula chake. Acha hatua moja kubwa.

Jambo moja zaidi juu ya mateke, mubirizi na majani haya: hata mwenyewe akilazimika kuondoka kwa miezi, mara nyingi anaporudi anavikuta. Katika nchi yetu hilo si jambo dogo.

MATUNZO KWA MWAKA

Mwezi wa 9 na wa 10. Huu ndio wakati wa kupanda karibu kila kitu. Mmea uliopandwa na mvua ya kwanza una miezi minane ya kushusha mizizi kabla ya kiangazi. Uliopandwa mwezi wa tano hauna, na ndio huo unaokufa na watu wanasema mmea ni mbaya.

Mwezi wa 11 hadi wa 1. Palilia kwa mkono karibu na shina. Angalia maji yasituame. Anza kukata ncha za nderema na za pilipili ili zitoe matawi.

Mwezi wa 2 hadi wa 4. Mvua kubwa inarudi. Weka mbolea ya mbuzi, ya sungura au ya kuku, lakini iwe imeoza. Mbichi inaunguza mizizi. Beseni moja la mbolea kwa kila mgomba, mikono miwili mitatu kwa kila pilipili. Iweke kwa kuzunguka mmea, isiguse shina.

Mwezi wa 5. Hii ndiyo kazi kubwa ya mwaka na ndiyo inayosahauliwa. Kabla udongo haujakauka, funika chini ya kila mmea kwa majani makavu, maganda ya maharagi, majani ya mgomba, unene wa kiganja kizima. Udongo uliofunikwa unahifadhi maji ya mvua ya mwisho kwa muda mrefu. Usichome majani makavu ya parsele. Ndilo blanketi la bustani.

Mwezi wa 6 hadi wa 8. Mmea wa miaka miwili na zaidi unajitegemea. Ule wa mwaka wa kwanza usaidie: tafuta chupa ya plastiki, toboa kifuniko matundu mawili madogo, kata sehemu ya chini, ichomeke kichwa chini karibu na mizizi, jaza maji mara mbili kwa juma. Maji ya kuoshea vyombo yanafaa kama hayana javeli wala mafuta mengi. Chuma majani kidogo kidogo, usiuvue mmea nguo zote wakati wa jua.

MASWALI YENU

Mama mmoja anauliza: migomba yangu majani yanageuka njano na kulegea kama yamemwagiwa maji ya moto, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ndani ni nyeusi. Nifanye nini?

Mama, huo ni mnyauko wa migomba, ugonjwa ulioingia Kivu ya Kaskazini mwanzoni mwa miaka ya 2000 kisha ukashuka kwetu. Ukikata shina ukaona maji ya njano yanayonata yanatoka baada ya dakika chache, usiwe na shaka. Hauna dawa ya kunyunyiza, lakini unaweza kuzuiwa. Kata shina linaloumwa peke yake, chini kabisa kwenye udongo, na urudie kuangalia kila juma. Panga lipitishwe kwenye moto hadi liwe moto kabisa, au lioshwe kwa javeli, kabla ya kugusa mgomba mwingine. Panga ndilo linalosambaza. Na migomba iliyo mizima, mara chane la mwisho linapotoka, vunja ule ua mwekundu unaoning'inia kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, kwa sababu wadudu wanaoutembelea wanabeba ugonjwa. Usichukue miche ya bure kwenye shamba lenye ugonjwa, na usimpe jirani ya kwako hadi parsele ipone.

Mwingine anauliza: mbuzi wanafunguliwa baada ya mavuno na wanakula kila kitu. Je, mimea inayodumu itabaki?

Hili ni tatizo la kweli, kwa sababu kiangazi ndicho wakati mmea wako unasimama peke yake shambani wakati mengine yamevunwa. Mbuzi kwa kawaida hawashughuliki sana na sitronele, kwa hiyo wengine wanaipanda pembeni. Mnyaa unafanya ua ambao mnyama hapiti, ila maziwa yake yanachoma macho vibaya sana; usiupande mahali watoto wanapochezea, na ukiukata jikinge. Lakini dawa ya mbuzi ni kikao. Kikundi kiende kwa mkubwa wa kijiji kabla ya mwezi wa sita, kipatane siku na mahali pa kuchungia. Mama mmoja akienda peke yake ataambiwa afunge bustani yake. Wamama ishirini watasikilizwa.

Wa tatu anauliza: mwenye ardhi amekataa kabisa, hata mateke hataki. Nimwache?

Heshimu neno lake kwenye shamba lake. Usipande kwa kuficha, utapoteza mmea na shamba pamoja. Mmea wako unaodumu uweke nyumbani, kwenye magunia na bidoni, hata kama ni gunia moja la nderema na bidoni moja ya sitronele. Kwenye bwasa lima maharagi yako. Mwakani, akiona umelitunza shamba, umeweka mbolea na umelipa kwa wakati, rudi na ombi dogo: mstari mmoja tu wa setaria wa kushika udongo. Huo unamfaa yeye zaidi kuliko wewe, na mara nyingi ndio unaofungua mlango wa miaka mitatu.

KAZI YA KIKUNDI: LIKELEMBA LA MICHE

Sisi tunajua likelemba la pesa. Tufanye la miche. Kila kikundi kichague mama mmoja mwenye ardhi ya uhakika, mwenye maji karibu, na asiyechoka watu. Kwake kiwekwe kitanda cha mama-mimea: sitronele, matembele, nderema, mateke, mubirizi, setaria. Kila mama alete kitu kimoja alicho nacho, kizima, kisicho na madoa. Mwanzo wa mvua kila mmoja achukue vipande viwili vya kila aina, na mvua ya mwezi wa tatu arudishe vinne. Viandikwe kwenye daftari kama pesa inavyoandikwa.

Faida yake ni zaidi ya mboga. Mwenzetu akifukuzwa kwenye shamba, akifiwa na ndugu wa bwana wakaichukua parsele, au akikimbia na kurudi mikono mitupu, mimea yake haijapotea. Iko kwa wenzake, na msimu unaofuata anaanza tena bila kununua hata jani moja.

Juma hili basi, fanyeni mambo matatu. Hesabu miaka uliyo na uhakika nayo mahali unapolima, useme ukweli. Chagua mimea miwili tu ya sehemu yako, usichukue yote. Na kikaoni siku ya mkutano, ulizeni nani atachukua kitanda cha kikundi. Mvua iko njiani, na shimo lililochimbwa sasa likajazwa mbolea litakuwa tayari ikinyesha.

Juma lijalo tutaongea juu ya kutengeneza mbolea ya shimo kwa takataka za jikoni bila harufu ya kuudhi majirani. Leteni maswali yenu kwa katibu wa kikundi kama kawaida.

Kazi njema, wamama.